Marejeo ni Ngamani: Miaka Sita Kwenye Mifereji ya Uingereza

Baba yangu aliendesha jahazi kati ya Tanga na Pemba kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku nilipompigia simu kumweleza kwamba nimenunua boti ya kuishi ndani yake katikati ya Uingereza, swali lake la kwanza lilihusu mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo. Nikamjibu kwamba boti hii haina mkuku, chini yake ni bapa kama sinia, kwa sababu maji inayopita mara nyingi hayazidi kimo cha kifua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, maji ya kifuani ndiyo yanayoua, kwa kuwa mtu huyadharau." Wakati ule nililichukua neno hilo kuwa ni wasiwasi wa mzazi aliye mbali. Sasa nimekwisha kuishi humo miaka sita, na karibu kila kosa nililolifanya lilianza kwa kuyadharau maji yale yaliyotulia.

Boti niliyoinunua mwaka 2018 ina urefu wa futi 57 na upana wa futi 6 na inchi 10. Vipimo hivyo havikuchaguliwa na mjenzi kwa kupenda kwake. Mifereji mingi ya katikati ya Uingereza ilichimbwa katika karne ya 18, enzi za mhandisi James Brindley, na vyumba vya kupandishia na kushushia maboti, ambavyo hapa nitaviita loki, vilijengwa kwa upana wa futi 7 hivi ili kuokoa maji na gharama. Tangu hapo kila chombo kinachotaka kupita kote lazima kiwe chembamba kama ujia wa nyumba. Urefu nao una sababu yake, kwani baadhi ya loki za kaskazini ni fupi, na boti ya futi 57 inaweza kufika karibu kila pembe ya mtandao huu. Ukiingia ndani unakuta jiko la makaa, meza, sehemu ya kupikia, bafu na kitanda, vyote vimepangwa kwa mstari mmoja, na watu wawili wakitaka kupishana lazima mmoja ajibanze ukutani.

Sikodi maegesho ya kudumu. Sheria ya mwaka 1995 inamruhusu mwenye boti asiye na maegesho kupata leseni maadamu anasafiri kwa dhati na hakai mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kuna sababu ya msingi. Mifereji na mito inayosimamiwa na taasisi ya Canal & River Trust, iliyoanza kazi mwaka 2012, ina urefu wa kilomita 3,200 hivi katika England na Wales, kwa hiyo nafasi ya kwenda ipo. Ugumu uko kwenye kazi. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, nakalimani kwa simu baina ya wagonjwa na madaktari, baina ya wazazi na walimu, na mkalimani asiye na mtandao ni sawa na duka lililofungwa. Nilijifunza kuisoma ramani kwa macho mawili, moja likitazama maji na jingine minara ya simu, na nikajua mapema kwamba siku ya kupita katika handaki la Blisworth, lenye urefu wa karibu kilomita tatu chini ya kilima cha Northamptonshire, ni siku ya kuomba ruhusa kazini.

Mwanzoni nilijiamini kupita kiasi kwa sababu kana, yaani mpini wa usukani, niliijua tangu utotoni. Ukiisukuma kulia, chombo kinakwenda kushoto, jambo linalowapa taabu Waingereza wengi wa kwanza kushika usukani, na mimi nililifanya bila kufikiri. Nisichokijua ni kwamba boti ndefu kiasi hiki hugeukia katikati yake, na kila ukiielekeza omo, yaani sehemu ya mbele, upande mmoja, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inafagia upande wa pili na kugonga chochote kilichopo. Vilevile sikujua tabia ya maji machache. Baharini ukiongeza mwendo chombo kinakwenda. Kwenye mfereji ukiongeza mwendo, pangaboi linayafyonza maji yaliyo chini ya boti, tezi inadidimia, wimbi linapanda kingo na kuzimomonyoa, na boti inakwenda polepole zaidi kuliko ulipopunguza mafuta. Mwisho wa mwendo unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6.4, lakini sehemu nyingi hata hiyo ni kasi mno. Mara tatu katika mwezi wa kwanza nilikwama kwenye matope, nikashika upondo na kujisukuma kama wavuvi wa Pangani.

Katika mwezi huo huo nilipita mbele ya boti zilizofungwa kandokando karibu na Braunston kwa mwendo nilioudhani wa kiasi. Zile hufungwa kwa kamba kwenye vigingi vya chuma vilivyopigiliwa ardhini, na maji yanapofyonzwa na boti inayopita, nazo huvutwa mbele na nyuma hadi kigingi kikang'oka. Nilipofunga mbele kidogo, mzee mmoja alinifuata kwa miguu akiwa na kikombe kitupu mkononi. Hakunipigia kelele. Aliniambia kwamba chai yake imemwagika sakafuni, na kwamba laiti lile birika lingekuwa bado linachemka, maji yangemwagika mguuni mwa mkewe. Kisha akakaa nami saa nzima akinionyesha jinsi ya kupunguza mwendo mapema, kabla ya kuifikia boti ya kwanza, kwa sababu chombo cha tani kumi na tano hakisimami kwa kukiambia simama. Mzee yule ndiye aliyenionyesha pia vile vyuma vilivyopachikwa kwenye pembe za madaraja ya matofali, vyenye mifuo iliyokatika kwa kina cha kidole. Mifuo ile ilichongwa na kamba za farasi waliokuwa wakiyavuta maboti ya mizigo. Niliutia kidole changu ndani ya mmoja na kukuta ni laini kama ndani ya kikombe.

Kosa ambalo lingenipotezea kila kitu nililifanya Septemba 2019 katika loki za Claydon, kwenye Mfereji wa Oxford, ambako loki tano zinakushusha kutoka sehemu ya juu kabisa ya mfereji kuelekea Cropredy na Banbury. Loki, kwa asiyewahi kuiona, ni chumba cha matofali kilichochimbwa ardhini, chenye malango mbele na nyuma. Boti huingia, malango yakafungwa kwa kusukuma maboriti yake marefu kwa kiuno, kisha vilango vidogo vilivyo chini ya maji vikafunguliwa kwa hendeli ya chuma ambayo kila mwenye boti huichomeka mkandani, na maji yakatoka hadi chumba kikalingana na mfereji wa chini. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe kinachojitokeza ndani ya chumba. Chumba kikiwa kimejaa kizingiti hakionekani. Maji yakishuka kinaibuka polepole, na tezi ya chombo ikiwa juu yake, nyuma inakaa pale pale huku mbele ikiendelea kushuka. Mstari mweupe umepakwa ukutani kuonyesha mwisho wake, nami nilifundishwa kuuangalia katika mafunzo ya siku mbili niliyoyapata kabla ya kununua boti.

Nilikuwa peke yangu, nimesimama juu ya ukuta na kamba ya katikati mkononi, vilango vya chini vikiwa wazi. Mtu na mkewe waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama wakaniuliza kwa upole nimetokea nchi gani. Nikageuka kuwajibu, na nilipokuwa nikitaja Tanzania nilisikia sahani zikiteleza kabatini. Nilipoangalia, omo ilikuwa imeinama kama punda anayekunywa maji, na usukani ulikuwa umekaa juu ya kizingiti, maji yakichuruzika kutoka kwenye chuma ambacho hakikupaswa kuonekana kabisa. Kutoka hapo hadi maji kuingia kwa mbele na boti kuzama ni suala la dakika chache, na wapo waliopoteza chombo chao hivyo hivyo, mchana kweupe, kwenye maji ambayo mtu mzima anaweza kusimama.

Nilikimbilia vilango vya chini nikavifunga kwanza, maana mafunzo yalisisitiza kwamba maji yazuiwe kutoka kabla ya jambo jingine lolote, kisha nikaenda juu nikafungua kilango kimoja kidogo tu, nusu mzunguko wa hendeli, ili maji yarudi taratibu bila kuipiga boti. Yule mama alinishikia kamba, mikono yake ikitetemeka. Baada ya dakika zilizokuwa ndefu kuliko safari nzima, tezi ilielea, ikajitikisa mara moja, na boti ikakaa sawa. Chuma kinachoshikilia usukani kwa chini kilipinda, na kabati la vyombo halikubaki na sahani nzima hata moja. Tangu siku ile mtu akinisemesha wakati vilango viko wazi, namwambia anisamehe, nitamjibu maji yakitulia, nami simwangalii usoni hata awe mtoto. Wengi wanaelewa. Wasioelewa nawaacha wanune, kwa sababu naujua mlio wa sahani zile.

Loki imenifundisha jambo lingine ambalo sikulitarajia. Kila loki nyembamba ikitumika mara moja, zaidi ya lita 100,000 za maji hushuka bondeni, na maji hayo hayapandi tena mlimani yenyewe. Yamehifadhiwa kwenye mabwawa yaliyo juu, tangu siku za waliochimba mifereji, na kiangazi kikiwa kikali baadhi ya loki hufungwa kwa minyororo hadi mvua inyeshe. Kwa hiyo ukifika loki tupu nawe unashuka, unatazama kwanza kama kuna mwenzako anayepanda, umwachie aitumie jinsi ilivyo, badala ya kuijaza kwa ajili yako. Kwenye Mfereji wa Grand Union, ambao loki zake nyingi zina upana wa kubeba boti mbili, unasubiri mwenzio mwingie ubavu kwa ubavu. Nimeingia loki na watu nisiowajua jina, tukasukumiana maboriti kwenye loki zote 21 za Hatton, karibu na Warwick, tukaachana kileleni kama watu waliochimba shamba pamoja. Naamini kabisa kwamba uchache wa maji ndio unaowafanya watu wa mfereji kusalimiana.

Maji ya ndani ya boti nayo yanahesabika. Tangi langu linachukua lita 450, na nikitumia kama lita 40 kwa siku nina siku kumi na moja kabla ya kulazimika kufika kwenye bomba. Jambo hilo halikunisumbua hata kidogo, maana nimekulia nyumba ya madumu, na nikawa mwalimu wa majirani wawili katika kuoga kwa ndoo moja. Choo ni cha kaseti, unaibeba mwenyewe na kwenda kuimwaga kwenye kituo maalumu, na anayeona aibu kwa hilo asihamie botini. Anwani ya barua ilinichukua muda kuipata, na benki hupenda sana anwani. Rafiki mmoja wa Leicester alikubali kunipokelea.

Baridi ndiyo iliyonishinda katika mwaka wa kwanza. Paneli zangu za sola, ambazo mwezi wa Juni zinajaza betri kabla ya saa sita mchana, mwezi wa Desemba haziwezi kuendesha hata taa na kompyuta. Lazima uwashe injini, na desturi pamoja na masharti yanakataza kuiungurumisha baada ya saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Mimi niliendelea kufanya kazi usiku kwa betri, nikiona taa bado zinawaka na kudhani mambo ni mazuri. Betri za asidi ya risasi zikishuka chini ya nusu mara kwa mara hufa, na nusu hiyo ni kama volti 12.2 betri ikiwa imetulia. Betri nne zilikufa kwa majira moja ya baridi. Siku hizi naangalia kipimo kila asubuhi kabla ya kuwasha chochote, na kikifika 12.3 naiwasha injini saa yake ikifika, hata kama sina hamu ya kelele.

Jambo nitakalolisema sasa bado linanitia uchungu. Katika baridi ya baadaye, usiku mmoja wa Januari, upepo ulipenya kwenye matundu ya hewa ya dari, nami nikayaziba kwa vitambaa. Jiko la makaa linawaka usiku kucha, na matundu yale yamewekwa ili hewa ipite, na ili sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, isijikusanye pale ulipolala. Niliamshwa saa tisa usiku na king'ora. Kichwa kiliniuma, miguu ilikuwa mizito, nikatambaa hadi mlango wa mbele nikaufungua na kukaa juu ya sitaha kwenye barafu, nimejifunika blanketi, hadi kulipopambazuka. King'ora kile sikukinunua kwa hiari. Tangu Aprili 2019 boti za namna hii haziwezi kupata cheti cha usalama, kinachokaguliwa kila baada ya miaka minne, bila kuwa nacho. Ninaomba kila anayeishi botini, au anayelala chumba chenye jiko la mkaa popote pale, asiyazibe matundu ya hewa. Baridi inavumilika kwa nguo.

Siku zilizofuata maji yaliganda, na kwa siku tisa sikuweza kusogea. Kuivunja barafu kwa chombo kunakwangua rangi ya lami ubavuni, na vipande vyake huwakwangua wenzako uliowapita. Nilikwenda kuchota maji kwa madumu mawili juu ya mkokoteni, njia ile ile waliyopita farasi. Wakongwe walinihadithia baridi ya mwaka 1962 hadi 1963, wakati mifereji ilipoganda kwa wiki nyingi, maboti ya mizigo yakanaswa na shehena yake, na biashara ya uchukuzi iliyokuwa tayari imedhoofika haikuinuka tena. Familia zilizokuwa zikiishi katika kijumba cha mita tatu nyuma ya shehena, wazazi na watoto, zilipoteza kazi na nyumba kwa pamoja. Nilipokuwa nikikoka moto wangu nilizifikiria familia hizo.

Nimeliacha mwisho jambo la ngama. Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, nami niliukariri msemo huo shuleni kwa ajili ya mtihani, bila kukumbuka kwamba ngama ni mahali, ni lile shimo la chini ambapo maji yanayovuja hukusanyika na baharia akayafua, yaani akayateka na kuyamwaga nje. Boti yangu inayo, chini ya injini. Mhimili wa pangaboi unatokeza nje kupitia tundu lililozibwa kwa kamba zilizoloweshwa mafuta, na kila jioni baada ya safari unazungusha kifuniko cha grisi mara moja au mbili hadi kikazane, ili tone lisimame. Kuna pampu inayojiwasha maji yakipanda. Mwaka 2021 nilikwenda msibani kwa siku nane, na kwa haraka ya msiba sikuzungusha grisi. Pampu ilikuwa imenaswa na kitambaa nilichokisahau mwenyewe. Matone yakadondoka siku nane. Jirani alinipigia simu kwamba tezi imeshuka, na nilipofika saa nne usiku ilikuwa imeshuka shubiri nzima, ikibakiza upana wa viganja viwili tu maji yafike kwenye matundu ya hewa ya injini, na baada ya hapo hakuna kinachozuilika. Nilifua maji kwa ndoo hadi saa nane. Kila ndoo niliyoimwaga nilimsikia baba akiwaambia mabaharia wake vijana wasilale kabla ya kuifua ngama, hata bahari iwe shwari.

Aprili iliyopita boti ilipandishwa nchi kavu ili ipakwe lami, kazi inayofanywa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Fundi alipitisha kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya chuma na kuandika namba kwa chaki: sakafu iliyoanza na milimita 10 ilikuwa na 9.2, mbavu zilizoanza na 6 zilikuwa na 5.4. Vipande vya magnesiamu vilivyochomelewa ubavuni ili viliwe na kutu badala ya chuma vilikuwa vimebaki kama vitunguu vilivyokauka, na vikabadilishwa. Nilipaka lami mwenyewe, tabaka tatu kwa siku nne. Nilimpigia baba kwa video nikamtembeza chini ya boti, kutoka omo hadi tezi, na kwa mara ya kwanza akauona ule ubapa aliousikia siku ya kwanza. Akaniuliza lami ile inakauka kwa muda gani, akanieleza jinsi wao walivyokuwa wakilaza jahazi maji yakipwa na kulipaka mafuta na chokaa kabla hayajajaa, upande mmoja leo na wa pili kesho.

"Kazi nzuri," akasema. "Na ngama je?"

Nikapanda ngazi, nikafungua ubao wa sakafu ya nyuma, nikaishusha simu hadi chini ya injini na kuwasha taa yake ili aone. Ilikuwa kavu.